Mkopo wa Nyumba: Je, Tulipe Zaidi ya Rejesho la Mwezi?

 

Familia nyingi za Unguja na Pemba zimejenga au kununua nyumba kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara kila mwezi. Wanapopata ziada, iwe ni pesa ya karafuu, kiinua mgongo au msaada wa mtoto aliyeko Oman, baba na mama huulizana: tuipeleke benki deni liishe mapema, au tuiweke kwa jambo jingine? Jibu linategemea aina ya mkataba, basi hilo ndilo la kuangalia mwanzo.

Mkopo wa riba

Katika mkopo wa kawaida, riba huhesabiwa juu ya deni lililobaki. Tuchukue mfano wa shilingi 40,000,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, kwa miaka 10. Rejesho la mwezi ni kiasi cha shilingi 645,000. Katika rejesho la kwanza, 500,000 ni riba tupu. Kinachopunguza deni ni 145,000 tu. Hadi kumaliza, familia itakuwa imelipa zaidi ya milioni 77. Lakini ikiongeza 100,000 kila mwezi tangu mwanzo, deni litakwisha kwa miezi 90 badala ya 120, na riba itapungua kwa zaidi ya milioni 10.

Na kwetu Waislamu jambo hili ni kubwa kuliko hesabu ya shilingi. Riba ni katika madhambi makubwa, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) amemlaani mwenye kuila na mwenye kuitoa, kama ilivyopokewa na Muslim. Aliyeingia humo toba yake ni kujuta, kuazimia kutorudia, na kujitoa haraka awezavyo. Kila shilingi inayopunguza asli ya deni inapunguza na riba ya mbele. Kwa hiyo mwenye uwezo asicheleweshe. Kupanga 'Umrah ya pili au harusi ya fahari huku riba inaendelea kukatwa ni kutanguliza la nyuma. Kujitoa kwenye haramu kunatangulia Sunnah.

Mkataba wa kiislamu

Tangu 2011, PBZ imekuwa na huduma za kibenki za kiislamu, na Amana Bank ilianza mwaka huo huo. Katika muraabaha, benki hununua kitu kisha hukuuzia kwa bei iliyojulikana tangu siku ya kwanza, faida ikiwa ndani yake. Bei hiyo haipandi wala haishuki, hivyo kulipa mapema hakukupunguzii kitu isipokuwa benki ikusamehe.

Je, inajuzu kuiomba ipunguze? Wanavyuoni wengi wa madhehebu manne wamekataza kulifanya hilo sharti. Ibn Taymiyyah na Ibnul-Qayyim wameruhusu, na imepokewa hivyo kutoka kwa Ibn 'Abbaas (Radhwiya Allaahu 'anhumaa). Baraza la kimataifa la Fiqhi lililo chini ya OIC liliruhusu mwaka 1992, kwa masharti kwamba isiwe imekubaliwa tangu mwanzo na iwe baina ya mdai na mdaiwa tu. Basi ombeni, lakini isiandikwe kwenye mkataba.

Ikiwa mkataba ni wa ushirika unaopungua, yaani mnanunua sehemu ya benki kidogo kidogo na kuilipia kodi, kununua sehemu kubwa mapema hupunguza kodi.

Katika mikataba hii ya halali, anayelipa kwa wakati hana dhambi. Kumaliza mapema ni vizuri, lakini familia ina nafasi ya kupima mahitaji mengine.

Kabla ya kupeleka pesa

1. Nafaka ya mke, watoto na wazazi wanaokutegemea isiguswe. Wekeni akiba ya miezi michache, ili maradhi yakiingia msirudi kukopa.

2. Zakaah iliyokwisha wajibika itolewe.

3. Madeni yaliyofika wakati yatangulie: ya dukani, ya jirani, na mahari ambayo mke anadai. Mwenye uwezo kuchelewesha kulipa ni dhulma, kama ilivyothibiti katika Al-Bukhaariy na Muslim.

4. Ulizeni benki kama inatoza ada kwa kulipa mapema. Andikeni barua kwamba pesa ya ziada ipunguze asli ya deni, isihesabiwe kuwa rejesho la mwezi ujao, kisha daini jedwali jipya la marejesho.

5. Msikope riba nyingine ili kufunga hii.

Mwisho, deni liandikwe katika wasia na mke alijue. Allaah Ametaja katika Suwrat An-Nisaa kuwa mirathi hugawiwa baada ya wasia na deni. Mayatima wengi hujua habari ya mkopo siku benki inapokuja kuidai nyumba. Kila kinacholipwa leo kinawapunguzia mzigo huo.

Wa Allaahu A'lam.