Uzi Kwanza, Cherehani Baadaye

Minada ya korosho ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, hushika kasi kuanzia Oktoba. Malipo yakiingia, wapo wanaofunga safari kwenda kununua cherehani wakilenga sare za shule za Januari. Hela huishia kwenye mashine, na vilivyobaki vinanunuliwa juu juu: uzi wowote, sindano zozote, mkasi uliopo dukani. Mimi ningeanzia huko kwenye vilivyobaki. Cherehani ya mguu iliyokwisha kutumika, ikiwa imetunzwa, itashona miaka mingi tu, na ukitaka kutumia umeme baadaye, nyingi zinakubali kufungwa mota ndogo pembeni. Lakini uzi mbovu unaharibu kazi siku hiyo hiyo, halafu lawama zote zinaiangukia mashine.

Ukichungulia ndani ya koni ya uzi utaona karatasi yenye maandishi kama 40/2. Namba ya pili inaeleza ni nyuzi ngapi zimesokotwa pamoja, yaani hapo ni mbili. Ya kwanza ni unene, na hesabu yake ni ya zamani, ya viwanda vya pamba vya Uingereza: ratili moja ya uzi wa namba 40 hutoa vitita 40, kila kitita yadi 840. Kwa hiyo namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba. Kwenye sindano mambo ni kinyume: namba ikipanda, sindano inanenepa. Hapo ndipo wanafunzi wengi wa ushonaji wanapojichanganya.

Kwa nyumba inayoshona vitenge, magauni na sare, 40/2 ya poliesta inatosha karibu kazi zote. Uzi wa 60/2 unafaa vitambaa laini vya mitandio na bitana. Wa 20/2 au 20/3 ni wa jinzi na mikoba. Usinunue huo mnene kwa kudhani unaleta uimara kwenye shati la shule. Mshono wa uzi mnene kwenye kitambaa chepesi hukivuta kikajikunja, na kitambaa kitachanika kabla ya uzi.

Karatasi inaweza kusema lolote, kwa hiyo amini macho na mikono. Toa urefu wa mkono mmoja, unyooshe juu ya kitambaa cheusi, uutazame mwangani. Uzi mzuri una unene mmoja mwanzo hadi mwisho. Ukiona vinundu, manyoya mengi yaliyosimama, au sehemu zilizokonda, rudisha koni. Manyoya hayo yatajaa chini ya bamba la sindano yakichanganyika na vumbi la kiangazi, na vile vinundu vitanasa kwenye tundu la sindano. Kisha ukate kwa kuuvuta taratibu. Uzi mbovu hukatika bila kukupa upinzani wowote, mara nyingi pale palipokonda.

Muuzaji akikuambia ni pamba tupu, omba kipande na kiberiti. Pamba huungua ikinuka karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Poliesta hujikunyata ikikimbia moto, huyeyuka, na ikipoa inabaki kidonge kigumu cheusi. Poliesta ndiyo imara zaidi, na haiozi haraka kwenye unyevu wa masika. Udhaifu wake ni joto: inayeyuka kwenye nyuzijoto 250 na ushei, na pasi ya mkaa haina kidhibiti cha joto. Ukipiga pasi mshono wa poliesta, weka kitambaa cha pamba chenye unyevu katikati na usiiache pasi imetulia mahali pamoja. Kwa sababu hiyo hiyo naogopa ile bitana ngumu ya kola yenye gundi ya kubandikwa kwa pasi. Penye pasi ya mkaa, kanvasi ya kushonea ndani ya kola ni salama zaidi, ingawa inaongeza kazi.

Rangi usiichagulie ndani ya duka. Toka nje na kitambaa, fungua unyuzi mmoja, uulaze juu yake juani. Koni nzima huonekana imekolea kuliko unyuzi mmoja ulioshonwa, kwa hiyo ukikosa rangi yenyewe chukua iliyokolea kidogo. Kwenye kitenge chenye rangi sita, fuata rangi ya msingi. Nyeupe, nyeusi na bluu ya sare zisikose nyumbani. Nyingine zinunuliwe kazi ikija.

Halafu kuna kosa dogo la kuipachika koni kubwa kwenye kijiti cha juu ya cherehani, ambacho kilitengenezwa kwa vibonge vidogo. Koni hupepesuka, uzi unakazwa na kulegea, na mshono unafuata. Koni inatakiwa isimame wima mahali patulivu, uzi utokee juu yake. Iweke ndani ya kopo nyuma ya cherehani, kunja waya wa kutundikia nguo uwe ndoano juu ya koni, pitisha uzi humo ndipo uingie kwenye mashine.

Uzi wa chini utumie ule ule wa juu. Ujaze bobini kwa mwendo wa wastani, kwa sababu poliesta ikizungushwa kwa kasi hutanuka, na ikishashonwa inarudi na kukunja mshono. Kabla ya kurudisha kasha la bobini mahali pake, lining'inize kwa uzi wake. Linatakiwa likae, ukitingisha mkono lishuke kidogo lisimame. Likiporomoka hadi sakafuni, kaza skurubu yake ndogo kidogo tu, chini ya robo mzunguko, ujaribu tena.

Sindano ndiyo rahisi kuliko vyote chumbani na ndiyo inayobaniwa zaidi. Kitenge na khanga namba 14, kitambaa chepesi 11, jinzi 16 au 18. Baada ya saa nane hivi za kushona ncha yake imekwisha, hata kama haijavunjika. Ipitishe taratibu juu ya ukucha, ikikwaruza, itupe. Cherehani inaporuka mishono au kukata uzi, badilisha sindano kwanza kabla ya kugusa skurubu yoyote, na hakikisha mfereji mrefu wa sindano unatazama upande uzi unakoingilia.

Mkasi wa kitambaa wa inchi tisa au kumi usiguse karatasi. Mwenye nyumba asipousimamia, watoto watakatia madaftari. Futi ya kupimia ipime kabla ya kuilipia: alama ya inchi 50 lazima ikutane na sentimita 127 upande wa pili. Zipo zinazopishana, na zilizotumika sana hutanuka. Chaki ya nta huacha alama inayong'ang'ania pasi ikipita. Kipande cha sabuni kikavu kilichonolewa kinafanya kazi hiyo bure.

Mafuta yawe ya cherehani, meupe na mepesi. Ruangwa ina ufuta mwingi, lakini mafuta ya ufuta, kama ya alizeti, huganda taratibu yakiwa gundi ndani ya vyuma. Ikishatokea hivyo, mguu utachoka kukanyaga kabla ya saa nne asubuhi.

Msimu wa korosho una masharti yake. Maji ya mabibo huacha doa la kahawia lisilotoka kwenye shati jeupe, na mafuta ya ganda la korosho mbichi huunguza ngozi. Aliyetoka shambani anawe kwa sabuni kabla ya kugusa sare ya mtu.

Vifungo na zipu havihitaji maneno mengi. Vuta zipu mara kadhaa dukani, na uchague vifungo vya matundu manne kwa sare. Lastiki ndiyo ya kuangaliwa. Joto la chini ya bati huiua ikiwa bado kwenye mfuko, kwa hiyo nunua ya sketi zilizoagizwa tu, hata kama muuzaji anakupunguzia bei ya roli zima.