Je, Wajua? Sekunde 3 za Raga

Je, wajua kwamba mtoto anaweza kucheza raga msimu mzima bila kuangushwa chini hata mara moja? Wadogo huanzia raga ya utepe. Kila mchezaji huvaa mkanda wenye tepe mbili, moja kila upande wa kiuno. Anayezuia hamkamati mwenye mpira wala hamsukumi; huchomoa utepe mmoja, akauinua juu na kupaza sauti: "Tagi!" Hapo mwenye mpira ana sekunde 3 za kutoa pasi, na pasi yenyewe iende pembeni au nyuma, kamwe si mbele. Kisha linafuata jambo ninalolipenda kuliko yote katika mchezo huu: aliyechomoa humrudishia mwenzake utepe mkononi, na kabla ya kufanya hivyo haruhusiwi kuendelea kucheza.

Je, wajua kwamba binti wa netiboli ameshazizoea sekunde 3 hizo? Kwenye netiboli ukikaa na mpira zaidi ya hapo ni kosa. Mpira wa mikono nao ni vivyo hivyo, tena una hatua 3. Mtwara ilipokea mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA mwaka 2019, na tena 2021, na michezo yote miwili imezoeleka huko. Kwa hiyo mwalimu wa Magomeni, Mtwara, anayetaka kuanzisha raga asihangaike kutafuta vijana wa miraba minne. Aende kwanza uwanja wa netiboli, awachukue mabinti wenye mikono myepesi na macho yanayoona mwenzao alipo kabla mpira haujafika. Kigeni kwao kitakuwa kukimbia na mpira kifuani, na kutupa nyuma huku wewe unasonga mbele. Hili la pili huwatesa wanaoanza wote, wa kike kwa wa kiume.

Tepe? Vipande vya kitenge kutoka kwa fundi cherehani vinatosha, mradi vichomekwe tu kiunoni, visifungwe fundo. Mpira nao una saizi zake: namba 3 kwa wadogo kabisa, namba 4 hadi miaka 14 hivi, kisha namba 5 ya wakubwa.

Je, wajua kwamba umbo la yai la mpira wa raga lilitokana na kibofu cha nguruwe? Fundi viatu Richard Lindon wa mji wa Rugby, Uingereza, alivivika ngozi vibofu hivyo vilivyojazwa pumzi, mpaka mpira wa ndani ulioundwa kwa raba ulipochukua nafasi yavyo katika karne ya 19.

Je, wajua kwamba kuna raga ya ufukweni, watu 5 kila upande? Kwa pwani yetu huu ni utajiri. Maji yakipwa, mchanga ndio mahali pazuri pa kufundishia kukaba, yaani kumwangusha mwenye mpira. Makocha huanza na watoto wakiwa wamepiga magoti: bega liguse paja, mikono ifunge miguu, kichwa kikae pembeni ya mwili wa mwenzako au nyuma yake, si mbele. Mwanafunzi asimame tu akishaizoea mbinu hiyo.

Je, wajua kwamba raga ya wachezaji 7 ilianzia Melrose, Uskoti, mwaka 1883? Tarehe 17 Aprili 2016, Kenya, chini ya kocha Benjamin Ayimba, iliifunga Fiji 30–7 kwenye fainali ya mashindano ya raga hiyo huko Singapore. Miezi michache baadaye Fiji hao hao walitwaa dhahabu ya Olimpiki.

Na hili kila kocha wa shule alijue kabla ya filimbi ya kwanza: mtoto akigonga kichwa, ukawa na shaka hata kidogo, anatoka na harudi uwanjani siku hiyo, hata akisema yuko sawa, hata timu ikibaki pungufu.