Polio Nchini Nigeria: Imani ya Wazazi na Mianya ya Chanjo
Kirusi cha polio huingia mwilini kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi, nacho huweza kuenea katika jamii nzima bila ya kuonekana, kwa sababu kati ya watoto 200 wanaoambukizwa ni takriban mmoja tu anayepooza, ilhali wenzake huendelea kukitoa chooni kwa wiki kadhaa wakiwa hawana dalili za kutisha. Kwa hiyo kuacha vijiji vichache bila chanjo si kasoro ndogo, na Nigeria imelijua hilo kwa machungu.

Mwaka 2003 viongozi wa majimbo kadhaa ya kaskazini, hasa Kano, walisimamisha chanjo ya matone kwa madai kwamba ilitiwa vitu vya kuzuia uzazi. Madai hayo hayakuwa ya kweli, lakini hofu iliyoyabeba ilikuwa na mizizi: mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, watoto wa Kano walifanyiwa majaribio ya dawa ya Trovan ya kampuni ya Pfizer, na kesi zikafuata mahakamani. Kano iliirejesha chanjo katikati ya mwaka 2004, lakini kirusi kilichotoka Nigeria kilikuwa kimekwisha kuvuka mipaka, na mwaka 2005 kikafika hata Indonesia.

Imani ilirudi polepole, pale watawala wa jadi na maimamu, Sultani wa Sokoto akiwamo, walipoiunga mkono chanjo hadharani, na wanawake wakapita nyumba kwa nyumba kuitoa, kazi iliyowagharimu baadhi yao maisha huko Kano Februari 2013. Mwaka 2016, baada ya miaka miwili bila mgonjwa, polio ya kirusi asilia iligunduliwa tena Borno, ambako vita vya Boko Haram viliwafungia njia wachanjaji. Hatimaye, Agosti 2020, Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ikathibitishwa kuwa haina tena kirusi hicho.

Limebaki tatizo jingine. Chanjo ya matone ina kirusi hai kilichodhoofishwa, ambacho kikizunguka muda mrefu miongoni mwa watoto wasiochanjwa huweza kubadilika na kurudiwa na uwezo wa kupoozesha. Chanjo mpya, ambayo kirusi chake hakibadiliki kwa urahisi, ilianza kutumika Nigeria mwaka 2021, lakini haimkingi mtoto ambaye haijamfikia, na milipuko imeendelea. Fedha na juhudi zielekezwe kwanza kwa watoto hao.