Urefu wa Mti Hupimwa Chini, Siyo Juu

Katika vijiji vya Uluguru nyumba nyingi zimejengwa mtelemkoni, na miti mikubwa husimama juu yake. Mti uzeekapo na shina lake kuanza kuoza, mwenye nyumba hana budi kujiuliza: ukikatwa, je, utaifikia nyumba yangu? Mmoja husema utafika, mwingine husema hautafika, nao wote wakisia kwa macho. Macho hudanganya, hasa mlimani.

Iko hesabu ya kale ya pembetatu, iitwayo trigonometria, ambayo humwezesha mtu kupima kitu asichoweza kukifikia kwa mkono. Wengi walioisoma waliiacha shuleni pamoja na daftari zao. Haya, tuitoe huko tuone faida yake nyumbani.

KUPIMA MTI

Chukua karatasi ngumu yenye pande nne zilizo sawa, uikunje kona kwa kona. Utapata pembetatu yenye pembe mraba moja na pembe mbili za nyuzi 45. Weka ncha moja kali karibu na jicho lako. Upande mfupi ulio mbele yako usimame wima, na ule wa chini ulale sawasawa. Ili usikosee, fungia uzi wenye kijiwe kwenye ncha ya juu, na mwenzako atazame kama uzi unafuata ukingo wa karatasi.

Sasa tazama kwa kufuata upande mrefu, kama mtu alengaye bunduki. Ukiona shina tu na siyo kilele, umekaribia mno: rudi nyuma. Ukiona mbingu tupu juu ya mti, umekwenda mbali mno: sogea mbele. Mahali utakapoona kilele barabara, simama. Pima toka hapo hadi shinani, kisha ongeza kimo cha jicho lako. Huo ndio urefu wa mti.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu katika pembetatu ya namna hii pande mbili fupi zina urefu mmoja. Ulivyo mbali na mti, ndivyo mti ulivyopanda juu ya jicho lako. Kama umbali ni mita 17, na jicho lako liko mita 1.5 toka chini, mti una mita 18.5.

Lakini angalia neno hili: simama mahali palipo usawa mmoja na shina. Usipande wala usishuke. Tembea kwa kukata mlima kando kando. Ukishuka bondeni na kupima toka huko, hesabu itakuwa ya uongo.

Kisha pima kwa kamba toka shinani hadi ukutani, ukiilaza kamba juu ya ardhi. Nyumba iliyo mita 15 chini ya mti huo imo hatarini. Na iliyo mita 20 je? Isijivune. Mti uangukao kuelekea bondeni huweza kuteleza au kubiringika, na matawi huruka. Hesabu hukuambia urefu. Haikuambii mti utaanguka upande gani. Hilo mwulize mkataji mzoefu, na watu watoke nyumbani kabla shoka halijaanza kazi.

KUPIMA MTO

Karatasi ileile yafaa mtoni. Tuseme mwataka kutandika magogo kuvuka kijito kiendacho Ruvu. Usimtume kijana kuogelea na kamba. Chagua jiwe ukingoni ng'ambo, simama mkabala nalo, uchomeke kijiti. Toka hapo tembea kando ya mto kwa pembe mraba. Karatasi sasa ilale kama sahani: upande mfupi mmoja uelekee kijiti, na upande mrefu uelekeze ng'ambo. Utakapoliona jiwe kwa kufuata upande mrefu, simama. Umbali toka kwako hadi kijitini ni sawa na upana wa mto.

Lakini pimeni toka ukingo hadi ukingo, mahali maji yafikapo wakati wa masika, wala siyo maji ya kiangazi. Tena gogo lazima lizidi kipimo hicho, lipate kulala vizuri pande zote mbili.

KUPIMA MLIMA

Ukisimama Morogoro mjini unauona Lupanga, ambao kilele chake chapita mita 2,100 juu ya bahari. Nani awezaye kutembea hadi chini ya kilele hicho? Hapo chini ni ndani ya mlima wenyewe! Kwa hiyo wapimaji hupima pembe mara mbili, katika mstari mmoja uelekeao kilele.

Tuchukue mfano wa kilima kidogo. Pa kwanza wakiona kilele kwa nyuzi 45. Warudi nyuma mita 100 kwenye usawa uleule, wakiona kwa nyuzi 30. Pa kwanza umbali ni sawa na kimo; pa pili umbali ni kimo mara 1.73. Tofauti yake ni kimo mara 0.73, nayo ndiyo zile mita 100. Gawanya 100 kwa 0.73: kimo ni mita 137 hivi.

Kwa kazi ya pembetatu, wapimaji Waingereza walipata mwaka 1952 kwamba Kilimanjaro ina mita 5,895. Mwaka 1999 wataalamu walipima tena kwa satelaiti, wakapata mita 5,892 na nusu. Tazama jinsi hesabu ya pembe ilivyokaribia!

KUPIMA MTELEMKO WA SHAMBA

Chukua fimbo iliyonyooka ya mita 1. Ncha moja iguse ardhi upande wa juu. Nyingine ielee upande wa chini. Laza juu ya fimbo chupa yenye maji nusu, ujue kama imelala sawa. Pima toka ncha inayoelea hadi chini. Ikiwa ni sentimita 50, shamba lako lashuka mita 1 kwa kila mita 2.

Mtu akichimba hapo tuta la ngazi lenye upana wa mita 2, ukuta wake utakuwa mita 1, na upande wa ndani atakata ardhi nusu mita. Je, udongo mweusi wa shamba lako wafika kina hicho? Usipofika, utapanda mahindi katika udongo mwekundu usio na rutuba.

Jambo hili si dogo. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya namna hiyo. Watu walichoshwa na kazi ya shuruti, na mahali pengi udongo mbovu wa chini ulitokea juu. Mwaka 1955 kukatokea ghasia huko Matombo, na mpango ukaachwa. Basi kabla ya kushika jembe, shika fimbo na chupa.

Enyi wazazi, jioni mpeni mtoto karatasi iliyokunjwa, mwambieni apime mwembe wa uani. Akimaliza, mtu apande na kamba kuhakikisha. Mtoto aliyeona hesabu yake ikitimia mtini hataisahau.