Ritifaa Iliyokula Kredo ya Chama

Katibu wa chama kimoja cha akina mama huko Kisumu Ndogo (ile ya Kibera) ametuletea swali. Jumbe zake kwa wanachama zilikuwa zikipita kwenye data, zikionyesha tiki mbili mtu akipokea, na hazikugusa kredo hata senti. Ghafla zikaanza kwenda kama SMS za kawaida, wakati mwingine akiwa na bando la kutosha. Lililomuuma zaidi ni kwamba tangazo moja, kwa mtu mmoja, lilikatwa kama jumbe tatu. Tangazo lenyewe ametutumia, nalo ni hili:

Mkutano wa chama ni Jumapili saa nane kwa Mama Achieng'. Kila mtu aje na mchango wa mwezi na kadi yake. Wasioweza wapige simu. Asanteni.

Nimelihesabu herufi kwa herufi, pamoja na nafasi na nukta. Ni 136. Arafa moja hubeba 160. Kwa hesabu hiyo tangazo lote linaenea katika arafa moja, na nafasi 24 zinabaki. Basi hizo arafa mbili nyingine zimetoka wapi? Zimetoka kwenye kile kialama kinachoning'inia mwisho wa jina la Achieng'.

Nitakifikia. Kwanza nimalize hili la kuhama kutoka data hadi SMS, maana halina mengi. Mfumo aliokuwa akiutumia unaitwa RCS. Kampuni za simu zilianza kuupanga mwaka 2007 ili urithi nafasi ya SMS, ukakokota miguu kwa miaka, mpaka Google iliponunua kampuni ya Jibe mwaka 2015 na baadaye kuutia katika programu yake ya Messages. iPhone ziliingia Septemba 2024, na iOS 18. Ujumbe wa RCS husafiri kwenye intaneti kama wa WhatsApp. Tofauti ni kwamba WhatsApp ikikosa njia hukaa na tiki moja ikisubiri, na kamwe haigeuki SMS. RCS ikikosa njia inaweza kuteremkia arafa, kimyakimya, na hapo kredo ndiyo inayolipa.

Kabla ya kutuma, simu hujiuliza kama ina data, kama laini yako imesajiliwa kwenye seva, na kama ya unayemwandikia imesajiliwa pia. Jibu moja likiwa hapana, SMS. Hapo ndipo watu wa bando wanapoteleza. Usajili wa laini mara nyingi hukamilishwa kwa SMS ambayo simu huituma yenyewe bila kukuonyesha, na SMS hiyo inaweza kutaka kredo. Siku hizi watu wengi Nairobi hununua bando moja kwa moja kwa M-Pesa, kredo ikiwa sufuri. Data inakwenda vizuri, WhatsApp inafunguka, lakini usajili wa RCS umekwama kwenye "inathibitisha" tangu juzi. Weka kredo kidogo, zima RCS katika mipangilio ya Messages, iwashe tena, uipe muda. Mwenye laini mbili aangalie pia ni ipi iliyosajiliwa. Mara nyingi bando liko laini hii, na usajili uko laini ile.

Kwa katibu wetu nashuku zaidi kundi lenyewe. Kundi la RCS hudumu iwapo kila mwanachama ana RCS. Mmoja tu akiwa na kabambe, ile simu ya vitufe isiyo na RCS, kundi zima linatoka kwenye data, na kama mipangilio inasema kila mtu apelekewe nakala yake, simu inaandika arafa kwa kila mmoja na kila mmoja anakatiwa. Dawa ni kuwaweka wenye simu za RCS katika kundi lao na kuwaandikia wenye kabambe kando. Ni kazi, lakini ni kazi ya mara moja.

Sasa turudi kwa Achieng', na kwanza tuone hiyo 160 ilitoka wapi.

Mwaka 1985 mhandisi Mjerumani aitwaye Friedhelm Hillebrand alikaa na taipureta yake huko Bonn akiandika sentensi za kawaida, maswali, salamu, habari za nyumbani, na kuhesabu herufi. Karibu zote zilikuwa chini ya 160. Alitazama na postikadi, akaona watu husema lao na kumaliza katika nafasi hiyohiyo. Yeye na wenzake walikuwa wakitafuta kitu cha kuingiza katika njia ambayo simu na mnara hutumia kuelewana: wewe uko wapi, kuna mtu anakupigia, pokea. Njia hiyo ni nyembamba na mara nyingi iko tupu. Waliloweza kuliingiza humo ni furushi la baiti 140, yaani biti 1,120. Furushi hilo ndilo SMS, hadi leo.

Ulione furushi hilo kama matatu baada ya sheria za Michuki kuanza kutekelezwa Februari 2004: viti vimehesabiwa, kila abiria na chake, hakuna kusimama wala kubanana. Sakafu ya gari hili ina upana wa biti 1,120. Kiti cha herufi ya kawaida kina upana wa biti 7. Gawanya, utapata viti 160 barabara, wala haibaki hata biti moja. Pale stendi kuna karani mwenye orodha ya abiria 128, kwa sababu biti 7 haziwezi kutofautisha zaidi ya hao. Kila abiria akifika, karani anamtafuta kwenye orodha. M yumo, k yumo, u yumo. Nafasi tupu nayo ni abiria, inalipa kama wengine. Wanapanda hivyo mmoja baada ya mwingine mpaka A ya Achieng', mpaka n, mpaka g, kisha inafika ritifaa. Kama ni ile iliyonyooka, imo kwenye orodha, inapanda, gari linaondoka. Lakini kwenye simu ya katibu wetu ritifaa ilikuwa imepinda, na karani hamwoni.

Kanuni haimruhusu karani kumtafutia mgeni huyu kiti kipana peke yake. Viti vya gari moja lazima viwe vya aina moja. Anachofanya ni kuwateremsha abiria wote, anang'oa viti vya biti 7, anafunga vya biti 16, ambavyo vinaweza kumkalisha abiria wa karibu maandishi yote ya dunia. M iliyokuwa imetosha vizuri katika 7 sasa imejinyoosha katika 16. Gari lililokuwa na viti 160 limebaki na viti 70.

Abiria wetu ni 136, kwa hiyo unahitajika msafara. Magari ya msafara hubandikwa karatasi mbele: namba ya msafara, jumla ya magari, na hili ni la ngapi, ili simu inayopokea iyapange hata kama la tatu limewahi kabla ya la kwanza. Karatasi hiyo inakula baiti 6, ambazo ni biti 48. Toa 48 kwenye 1,120, gawa kwa 16, unapata viti 67. Gari la kwanza linaondoka likiwa limekata neno "aje" katikati: a imepanda, "je" imeachwa stendi. La pili linabeba 67 wengine. La tatu linabeba i na nukta, mkia wa "Asanteni." Hakuna mwingine ndani. Katibu amelipa nauli ya gari zima kwa herufi moja na nukta yake. Angeshukuru kwa "Asante." abiria wangekuwa 134 kamili na magari mawili yangetosha. Akiwapelekea watu 30, amelipa magari 90 pale ambapo 30 yangetosha. Wanaopokea hawajui lolote, maana simu zao zimeshona vipande na kuonyesha tangazo moja safi.

Hesabu hii ninaipenda kuliko kitu chochote kilicho ndani ya simu. Kwenye RCS haipo, ndiyo maana hakuna aliyeiona mpaka siku jumbe zilipoteremkia arafa.

Orodha ya abiria 128 nayo inasimulia mengi. Iliandikwa na watu wa Ulaya, na inaonekana: imo ñ ya Wahispania, imo ß ya Wajerumani, zimo å, ø na æ za Waskandinavia, na herufi kubwa kumi za Kigiriki zimepewa viti vyao. Hazimo ĩ na ũ. Mtu wa Kawangware anayeandika Gĩkũyũ kwa tahajia yake sahihi anabadilishiwa viti pale anapogusa ĩ ya kwanza, na Mkamba vilevile. Wengi wameamua kuziacha alama hizo, na siwalaumu, ila inaniuma kwamba lugha inavuliwa nguo ili iingie garini. Kiswahili kilibahatika. Hatuhitaji chochote zaidi ya herufi za kawaida na ritifaa moja.

Ritifaa yenyewe jina inalo, kila aliyepita darasa la nane anaijua. Zisizo na majina ni hizi sura zake mbili, na tukiendelea kusema "iliyonyooka" na "iliyopinda" tutachoka. Nimefikiria "ritifaa wima" na "ritifaa kombo", lakini kombo ina sauti ya lawama, na iliyopinda haina kosa lolote kwenye kitabu kilichochapwa, huko ndiko inakopendeza. Hapa nitasema ritifaa msumari na ritifaa mundu, mpaka wenye kamusi waje na bora zaidi.

Mundu huingia bila kualikwa. Kibodi ya iPhone huipinda ritifaa yenyewe, kwa sababu imewekwa hivyo tangu kiwandani. Word hufanya vilevile, na ukinakili tangazo kutoka Word ukalibandika kwenye simu umeileta mundu pamoja nalo. Kwenye iPhone nenda Mipangilio, kisha Jumla, kisha Kibodi, uzime uakifishaji wa kujirekebisha. Kwenye Messages ya Google, katika mipangilio ya ndani zaidi, kuna swichi inayogeuza alama zisizo za kawaida ziwe sahili kabla ya SMS kutoka. Iwashe. Ukishafanya hivyo, tangazo la katibu linarudi arafa moja. Emoji hazina msumari wa kugeukia: kila moja hubadilisha viti vyote na nyingi hukalia viti viwili vya biti 16, kwa hiyo ile mikono miwili ya kushukuru iache kwa siku za data.

Ninachokataa ni ushauri unaozunguka wa kuiacha ritifaa kabisa. Achieng' ni jina la mtu, na "ng'oa" na "ngoa" ni maneno mawili tofauti. Msumari haupunguzi chochote katika sauti ya ng' na unakaa kwenye kiti cha biti 7 kama mwenzake yeyote. Hakuna shilingi inayookolewa kwa kumwandika mtu vibaya.

Kuteremkia arafa kuna faida yake pia. Ujumbe wa RCS kutoka nyumba moja ya Kisumu Ndogo hadi ya pili unapitia seva iliyo mbali, na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini kaskazini mwa Durban, intaneti ilizorota Kenya, Tanzania na kwingineko. SMS baina ya laini za hapa nchini haihitaji bahari. Inafika kwenye kituo cha kampuni ya simu, kama simu ya mpokeaji imezimwa inawekwa hapo kwa muda, ikiwaka inapelekwa. Ndiyo sababu Voice of Kibera, iliyoanzishwa na Map Kibera mwaka 2010, ilipokea habari za mtaa kwa SMS: kila simu inaijua, kabambe na ghali. Ila kile kikufuli cha siri unachokiona kwenye RCS ya Messages hakipo kwenye arafa, kwa hiyo nambari ya siri usiiandike humo.

Jambo la mwisho linawahusu wanaouza simu za mkono wa pili, pale barabara ya Luthuli, Nairobi, au kwa jirani. Ukitoa laini yako kwenye simu iliyokuwa na RCS au iMessage ukaiweka kwenye kabambe bila kuzima usajili, seva inaweza kuendelea kuamini kwamba uko kwenye simu ya zamani. Wenzako wanakuandikia, jumbe zinakwenda kwenye simu ambayo si yako tena, na hakuna hata arafa inayokufikia kwa sababu simu zao zinaona umepokea kwa data. Zima RCS kwenye mipangilio kwanza, laini ikiwa bado ndani, na kwenye iPhone zima iMessage. Kama simu imeshaondoka, Google na Apple kila mmoja ana ukurasa wa kufuta usajili: unaandika namba yako, unatumiwa tarakimu za uthibitisho kwa SMS, unaziingiza, imekwisha.