Chakula cha Wafilipino: Walaji Wanasemaje?

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kumsikia mtu aliyerudi safarini akisema, "Huko nilikokwenda watu hawajui kupika." Ukimwuliza alikula nini, utaona alionja tonge moja tu, akakunja uso, akanawa mikono. Leo natutazame maneno ya namna hiyo yanavyoweza kumwumiza mtu, na mfano wetu uwe chakula cha Wafilipino.

Visiwa vya Ufilipino viko kusini-mashariki ya Asia, na wengi wa wenyeji wake ni Wakatoliki kama sisi. Wao huikumbuka Misa ya Pasaka iliyosomwa pwani kwao tarehe 31 Machi 1521, walipofika Wahispania. Leo Wafilipino wametawanyika duniani kutafuta kazi, na popote walipo wengi, hapakosi hoteli ya chakula cha kwao. Basi, wageni waingiao humo husemaje?

Wa kwanza husema, "Mbona kila kitu ni kichachu?" Ni kweli, uchachu wanaupenda. Sinigang ni mchuzi wa samaki au nyama uliotiwa ukwaju. Adobo ni kuku au nyama ya nguruwe iliyopikwa kwa siki, kitunguu saumu na pilipili manga. Lakini sababu ipo. Nchi yao ni ya joto, na siki huifanya nyama ikae bila kuharibika upesi. Hata kabla ya majokofu, mama wa nyumbani aliweza kupika leo na watoto wakala kesho.

Wa pili husema, "Chakula hakina ladha." Huyu pengine hakugusa vibakuli. Mezani kwa Wafilipino huwekwa siki, pilipili, ndimu ndogo na uduvi uliochachishwa, ili kila mlaji atengeneze ladha aipendayo. Bibi Doreen Fernandez, mwandishi wa kwao aliyefariki mwaka 2002, alieleza kuwa kufanya hivyo si kumtukana mpishi. Mlaji na mpishi husaidiana kukikamilisha chakula.

Wa tatu huona balut, akakimbia. Balut ni yai la bata ambalo kinda limekwisha kuanza kuumbika ndani, nalo huchemshwa likaliwa kwa chumvi au siki. Wengi wetu tungesita. Lakini, ndugu msomaji, mgeni asiyezoea senene wa Bukoba angesema nini akiletewa sahani imejaa?

Tena mtu wa pwani yetu angeketi hapo akajiona yuko nyumbani. Angekuta wali asubuhi, mchana na jioni, majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui la nazi, na samaki mwatiko, anayefugwa kwao na kwetu pia.

Sasa tazama madhara ya dharau. Mwaka 1904 yalifanyika maonyesho makubwa katika mji wa St. Louis, Marekani. Wafilipino zaidi ya 1,000 walipelekwa huko ili watazamwe. Miongoni mwao walikuwamo Waigorot, watu wa milimani, ambao kwa mila yao mbwa alichinjwa kwa shughuli maalumu tu. Lakini pale waliletewa mbwa mara kwa mara, maana watazamaji walilipa fedha ili wawaone wakila. Basi Wafilipino wote wakabandikwa jina la "wala mbwa", na tusi hilo liliwafuata wahamiaji kwa miaka mingi. Wengi wa watoto wao wameeleza jinsi walivyoona haya kufungua chakula cha mama yao shuleni mbele ya wenzao. Fikiri uchungu wa mama huyo, aliyeamka alfajiri kukipika.

Hata hivyo mambo yamebadilika. Iko kampuni ya Wafaransa iitwayo Michelin, ambayo wakaguzi wake huingia hotelini bila kujitaja, wakala, wakalipa kama mteja mwingine, kisha wakatoa nyota kwa hoteli zilizo bora. Mwaka 2022 hoteli iitwayo Kasama, mjini Chicago, ilipata nyota, nayo ikawa hoteli ya kwanza ya Kifilipino duniani kupewa heshima hiyo. Neno "kasama" kwa lugha yao maana yake ni mwenzi, au aliye pamoja nawe. Chakula kile kile kilichoonewa haya, leo watu hukipangia foleni. Siki na wali ni vile vile. Masikio na ndimi za walaji ndizo zilizofunguka.

Nasi tujitazame. Ni mara ngapi bibi arusi wa kabila lingine amechekwa kwa wifi zake kwa sababu ya mlenda wake, au ming'oko ya kwao? Akichekwa mara ya kwanza, hunyamaza. Akichekwa mara ya pili, huacha kupika, na wajukuu hawatakijua chakula cha bibi yao. Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Lakini mara nyingi aliyeiacha alisukumwa na vicheko vya jamaa.

Sisemi tusifu kila kitu. Nyama ikiwa imeoza au sahani ikiwa chafu, ni wajibu kusema, maana afya ya watu imo hatarini. Lakini mwambie mpishi mwenyewe, kwa upole, wala usimtangaze sokoni. Mama ntilie huwasomesha watoto kwa sufuria moja, na neno lako moja laweza kumfukuzia wateja wa mwezi mzima. Ikiwa kosa ni mazoea ya ulimi wako tu, basi onja tena. Bwana wetu alipowatuma wanafunzi wake vijijini, aliwaagiza wale walichoandaliwa.

Wafilipino wana desturi nzuri. Tangu tarehe 16 hadi 24 Desemba huamka kabla ya mapambazuko kwa Misa tisa za kujitayarisha kwa Noeli. Wakitoka kanisani hukuta nje mikate ya mchele na nazi, ya moto, juu ya makaa, wakainunua na kuila pamoja, tajiri na maskini. Jioni ya leo, mama akiisha kupakua, wafundisheni watoto kusema "asante" kwanza, hata kama chakula ni kigeni kwao.