Nyongeza za Michezo ya Video: Mambo ya Kuthibitisha Kabla ya Kulipa

Malipo ya kahawa yanapowafikia wakulima wa Mbinga, fedha hiyo husubiriwa na mahitaji mengi: ada za shule, mbolea, bati na madeni ya dukani. Siku hizi orodha hiyo ina jambo jingine, nalo ni michezo ya video. Kuanzia Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, vijana huicheza katika vibanda vya gemu na majumbani.

Makala haya yanahusu sehemu moja tu ya biashara hiyo: nyongeza za michezo ya uhusika inayosimulia dunia baada ya maangamizi. Tumeichagua kwa sababu bidhaa hii haishikiki mkononi, hulipiwa kabla haijaonekana, na kwa kawaida humgharimu mtumiaji mara mbili, yaani bei ya nyongeza yenyewe na kifurushi cha intaneti cha kuipakulia. Ushauri wetu mkuu ni huu: nyongeza haisimami peke yake. Uthibitishe kwanza mchezo ulio nao, ndipo ulipe.

Nyongeza ni nini?

Katika michezo hii mchezaji huvaa uhusika wa mtu aliyenusurika, akatafuta chakula, dawa na silaha katika nchi iliyoharibika, na kuamua nani amsaidie. Mfululizo unaojulikana zaidi ni Fallout. Fallout 3, iliyotoka mwaka 2008, inasimulia mji wa Washington miaka 200 baada ya vita vya nyuklia. Nyongeza huongeza eneo jipya, kisa kipya au vifaa vipya katika mchezo huo huo.

Nyongeza hazilingani. Fallout 3 ilipata nyongeza tano. Mojawapo, Broken Steel ya mwaka 2009, iliendeleza kisa pale ambapo mchezo wa awali ulikomea, na ikapandisha kiwango cha juu cha mhusika kutoka 20 hadi 30. Nyingine, kama Point Lookout, humpeleka mchezaji katika eneo jipya wakati kisa kikuu kikiendelea. Kwa hiyo soma maelezo ya nyongeza kabla ya kuvutiwa na picha yake.

Mambo manne ya kuthibitisha

Kwanza, mchezo wa msingi. Nyongeza bila mchezo wake haifunguki. Angalia pia kama toleo ulilonunua lilikuja na nyongeza zote ndani yake. Toleo kamili la Fallout 3 na lile la Fallout: New Vegas yana nyongeza zake zote kuu, mwenye toleo hilo akinunua nyongeza moja moja anatupa fedha.

Pili, mashine. Nyongeza iliyotengenezwa kwa ajili ya PlayStation haifanyi kazi kwenye kompyuta, wala ya kompyuta haifanyi kazi kwenye Xbox.

Tatu, eneo la mauzo. Diski nyingi za PlayStation zinazouzwa nchini zimetoka Dubai, Ulaya au Marekani, na wachezaji wengi hutumia akaunti zilizofunguliwa kwa jina la nchi nyingine. Nyongeza inayonunuliwa kwenye duka la Marekani kwa kawaida haitambui diski ya Ulaya. Linganisha namba iliyoandikwa ubavuni mwa kasha la diski na ile inayotajwa dukani kabla ya kununua vocha.

Nne, nafasi. Fallout 4 ya mwaka 2015 huhitaji GB 30 za diski kabla ya nyongeza yoyote. Acha nafasi ya ziada, kwa kuwa usakinishaji unaokwama katikati huweza kuharibu mafaili ya mchezo.

Hesabu kifurushi chako

Kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, GB 30 huchukua zaidi ya saa 13 bila kukatika. Tuchukue mfano wa kijana wa Maguu anayepakua mchezo kwa simu aliyoiunganisha na kompyuta. Akinunua kifurushi cha GB 10, kitakwisha theluthi moja tu ya kazi ikiwa imefanyika. Akiacha simu iendelee bila kuiangalia, salio lake la kawaida nalo linaweza kukatwa.

Kanuni ndogo za vifurushi za mwaka 2021 zinamtaka mtoa huduma akutaarifu matumizi yako yanapofikia asilimia 75 na asilimia 100 ya kifurushi. Usipuuze ujumbe huo. Chagua duka linaloruhusu upakuaji kusimama na kuendelea pale ulipoishia, kwani umeme ukikatika hutalazimika kuanza upya. Kwa wakazi wa mwambao wa ziwa, hakikisha jina la mtandao linaloonekana kwenye simu ni la mtoa huduma wako wa Tanzania, na uzime matumizi ya data nje ya nchi. Simu iliyo karibu na mpaka inaweza kunasa mtandao wa nchi jirani, na gharama yake ni kubwa.

Nakala za kwenye flashi

Tunafahamu kwamba watu wengi hawapakui chochote. Hupeleka kompyuta kwa fundi awawekee mchezo kutoka kwenye flashi. Nakala isiyo na kibali huvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mnunuzi naye huingia hasara. Nakala ya namna hiyo mara nyingi haikubali nyongeza halali wala masasisho. Fundi akikuagiza uzime programu ya kuzuia virusi ili mchezo uingie, kataa. Kompyuta hiyo hiyo huenda ndiyo unayofungulia barua pepe na taarifa zako za fedha.

Kusakinisha na kufurahia

Sasisha mchezo wa msingi kwanza, kisha weka nyongeza. Kabla ya kuifungua, tunza hifadhi ya mchezo wako kwa jina jipya na usiifute hadi umalize. Tahadhari hii ina sababu. Katika Dead Money, nyongeza ya Fallout: New Vegas, mchezaji hunyang'anywa vifaa vyote anapoingia, na hawezi kurudi hadi amalize kisa. Nyongeza hiyo hupendekezwa kwa mhusika wa kiwango cha 20. Aliyeingia mapema bila hifadhi ya nyuma hubaki amenaswa. Huna haja ya kununua nyongeza zote kwa pamoja. Maliza moja, kisha uamue kama unaitaka nyingine.

Wazazi wazingatie kwamba Fallout 3, New Vegas na Fallout 4 zimewekwa Ulaya katika daraja la umri wa miaka 18. Aidha, namba ya siri ya fedha ya simu isihifadhiwe wala kutajwa kwa mtoto ili anunue mwenyewe.

Mambo yakiharibika

Anza na muuzaji, ukiwa na uthibitisho wa malipo. Duka la Steam, kwa mfano, hurudisha fedha ya mchezo ikiwa ombi limetolewa ndani ya siku 14 tangu ununuzi na mchezo haujachezwa kwa saa 2. Kwa nyongeza, saa hizo huhesabiwa kwa mchezo wa msingi tangu siku nyongeza iliponunuliwa. Kwa hiyo jaribu nyongeza mapema, usiiweke hadi mwezi mwingine.

Muuzaji wa ndani akikuuzia kitu tofauti na alichokitangaza, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza udanganyifu huo, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Kama tatizo ni kifurushi, mlalamikie kwanza mtoa huduma wako na utunze namba ya lalamiko. Usiporidhika, lilete kwetu. Ukipokea ujumbe wa kitapeli unaoahidi vocha za mchezo kwa bei ya kutupa, usitume fedha. Upeleke ujumbe huo kwenda namba 15040, kisha piga *106# kuhakiki kama kuna laini nyingine iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako bila ridhaa yako.